Futoni juu ya sakafu ya simiti

Ukitoa kitanda na kutandika godoro la sponji chini, hujalala Kijapani bado. Shikibuton, lile godoro la futoni (matandiko ya Kijapani ya kulalia sakafuni), kwa jadi ni pamba tupu, jembamba, kama sm 100 kwa 200 la mtu mmoja, na kwao hulazwa juu ya tatami: mkeka mnene wa kama sm 5, ambao kwa jadi ndani ni nyasi kavu za mpunga zilizoshindiliwa. Tatami hunyonya unyevu na kuuachilia. Simiti hainyonyi jasho lako. Mvuke wa mwili hushuka kupitia pamba, ukigusa sakafu baridi unakuwa maji. Nakuru, ambako usiku una baridi kuliko Kisumu, hali ni mbaya zaidi. Matokeo yake ni madoa meusi ya ukungu upande wa chini, na ukungu ukishapenya pamba, jua haliuondoi.

Kwa hiyo anza na mbao, godoro baadaye. Seremala yeyote wa soko la Kibuye, Kisumu, ataweza kukutengenezea jukwaa la kulilaza godoro: mbao za saiprasi za upana wa sm 8, unene wa sm 2, zipigiliwe juu ya vipande vya sm 4 ili hewa ipite chini, na kati ya ubao na ubao aache sm 3. Akiacha nafasi kubwa, pamba itazama humo na mgongo utakuambia.

Godoro lishonwe kwa kitambaa cha marekani. Pamba ipangwe tabaka kwa tabaka. Ikishindiliwa konzi konzi hufanya mabonge. Kisha fundi apitishe uzi mnene kutoka juu hadi chini kila baada ya sm 30 hivi. Mafundi wengi huiruka kazi hii, halafu pamba yote inakimbilia pembeni na nyonga zinagonga mbao.

Asubuhi usilikunje likiwa na joto. Ligeuze, fungua dirisha, nusu saa baadaye likunje mara tatu. Mara mbili kwa wiki lianikwe pande zote mbili, kuanzia saa nne, liingizwe kabla ya saa nane, maana mvua ya ziwani haipigi hodi. Masika lisimamishe wima ndani, likiegemea kiti.

Neti ishushwe mpaka pindo lake lichomekwe chini ya godoro. Na kama sakafu ni ya udongo, achana na mpango huu: funza huishi kwenye vumbi hilo hilo.