Siku moja na virusi nisivyoviona

Saa 1 asubuhi nimeshavaa koti na glavu jozi mbili, nimepangusa kwa spiriti kabati la usalama, lile ambalo mkondo wake wa hewa huzuia virusi kutoka. Seli zangu ni za figo ya mbwa, za ukoo wa MDCK unaokuzwa maabara tangu 1958. Zimetandaza sakafu ya visima, vile vishimo vidogo vya sahani ya maabara, kama vigae.

Nikisema nafanya kazi na virusi vya mafua, watu hudhani nachungulia darubini nikavitazama vikitembea. Kirusi kimoja kina upana wa takriban nanomita 100, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Darubini yangu haikifikii. Ninachokiona ni seli, na baadaye seli zilizokufa.

Saa 2 natia virusi. Saa 3 naosha vilivyobaki nje. Baada ya hapo, kila saa natoa kisima kimoja, nagandisha na kuyeyusha seli zipasuke, naweka kichupa kwenye friza.

Vichupa vya saa 4, 5 na 6 ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, kwa sababu ukivipima hukuti karibu kitu. Wengi hudhani kirusi huingia kikagawanyika viwili, vinne, kama bakteria. La. Seli hukimeza ndani ya kifuko, tindikali ya kifuko inakifungua, na vipande vyake 8 vya RNA, yaani maagizo yake ya urithi, vinakwenda kwenye kiini. Huko kimeng'enya chake hunyofoa vichwa vya ujumbe wa seli yenyewe na kuvipachika kwenye ujumbe wake, ili ribosomu, viwanda vya protini vya seli, ziusome na kutengeneza protini za mgeni. Kwa saa kadhaa hakuna kirusi kizima humo ndani, kuna vipuri tu.

Saa 8 mchana king'ora cha kabati kikalia: mkondo wa hewa umeshuka. Nikafunika sahani, nikairudisha kwenye joto la nyuzi 37, nikampigia fundi. Hakupokea. Nikapiga tena. Kabati la pili alikuwamo mwenzangu na kazi yake haikatizwi. Nikasimama pembeni na glavu mpya mikononi, nikitazama saa ya ukutani, na seli hazijui habari za fundi. Alipomaliza ilibidi kupangusa upya na kuacha hewa izunguke. Sampuli ikatoka dakika 22 baada ya wakati wake.

"Dada, andika saa 8 kamili, nani atajua?" akasema mwenzangu.

Nikaandika 8:22. Kuanzia karibu saa 9 virusi vipya huanza kuchomoza kwenye utando wa seli, na dakika 22 hapo si kitu kidogo.

Mgongo ulikuwa umeshakaza. Sampuli za mwisho nilizichukua bila kusema na mtu.

Jioni nikahesabu sahani za jaribio lililotangulia, zile zilizopakwa rangi ya zambarau. Kila tundu jeupe, mahali seli zilipokufa, limeanzia kwa kirusi kimoja. Ya saa ya pili baada ya kuosha: matundu 3. Ya saa ya nane baada ya kuosha, niliyoizimua mara 10,000: 64. Nikarudia kuhesabu, macho yakiwasha. 64.

Nikavua glavu, nikanawa hadi viwikoni. Vichupa vya leo viko kwenye friza, na cha tano kimeandikwa 8:22.