Singa za mkonge zimeshika plastiki
Jamani, leo nimefurahi! Singa za mkonge wa Tanga tulizoloweka kwenye maji ya kostiki soda ya asilimia 5 zimeshikana barabara na plastiki ya kuyeyusha tuliyozichanganya nayo. Zisipowekwa dawa hiyo, nta ya asili hubaki juu yake na plastiki haishiki. Ukivunja kipande unakuta singa zimechomoka nzima nzima, zimeacha vitundu. Za leo zimekatika palepale pamoja na plastiki, na ukizipapasa kabla ya kuchanganya zinakwaruza vidole. Mkonge wetu unastahili kazi kubwa kuliko kamba tu! Mkijaribu, msizidishe kostiki, inakula singa yenyewe. Suuzeni mpaka iishe, kausheni kabisa, unyevu huleta mapovu. Joto la kuyeyushia plastiki lisivuke nyuzijoto 200 za Selsiasi, singa zitaungua.