Kamba ya mita 30: nilivyowahesabu ndege wa nyasi Kinangop

Kwa misimu mitatu nimehesabu ndege katika mashamba ya uwanda wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, kati ya milima ya Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa. Niliyemfuatilia zaidi ni Macronyx sharpei, ndege mwenye kifua cha manjano na ukucha mrefu wa nyuma, ambaye haishi kokote duniani isipokuwa katika nyasi za nyanda za juu za Kenya, na ambaye yumo hatarini kutoweka.

Mwezi wa kwanza niliharibu kazi. Nilipita kandokando ya mashamba na darubini, na karibu kila karatasi ilirudi tupu, hata kwenye malisho ambayo wachungaji waliniapia kwamba ndege hao wamo. Kumbe akihisi mtu hujibanza kati ya mashungi ya nyasi, haruki mpaka umkaribie kabisa, kisha hutua tena si mbali, hivyo asiyekuwa makini humwandika mara mbili.

Nilinunua kamba nyepesi ya nailoni ya mita 30. Wasaidizi wawili walishika ncha zake na kuiburura juu ya nyasi polepole, nami nikafuata nyuma nikiandika kila aliyeruka, alipoondokea na alikotua, ili tukifika huko nisimhesabu upya. Tulirudia mistari ile ile, asubuhi, umande ukishapungua, na ukungu ukishuka tuliahirisha. Wapo wanaofunga makopo kwenye kamba ili ipige kelele. Mimi nilikataa, kwa kuwa ndege hawa hutaga karibu na ardhi na sikutaka kopo lipite juu ya mayai. Siku moja jike aliruka karibu na kiatu changu. Nilipofunua shungi la nyasi kwa kidole, nikaona kikombe cha nyasi kavu, mayai mawili yenye madoa ndani yake. Tuliinua kamba tukazunguka, nami nikachomeka kijiti hatua kumi kutoka hapo, maana alama iliyo kando ya kiota huwaonyesha njia watoto na kunguru pia.

Kazi ngumu kuliko ndege ilikuwa ruhusa, kwani sehemu kubwa ya nyasi hizo imo katika mashamba ya watu binafsi. Mzee mmoja alipoiona kamba aliniuliza, “Kijana, unahesabu ndege au unapima shamba langu?” Sikumlaumu, mtu mwenye kamba na daftari shambani kwako hana sura nzuri. Nilimjibu, “Mzee, shika ncha hii utembee nasi.” Alitembea mstari mzima, na ndege wa kwanza aliporuka ni yeye aliyepiga kelele kabla yangu. Tangu hapo ndiye aliyenitambulisha kwa majirani.

Msimu wa pili shamba moja kati ya niliyoyahesabu lililimwa viazi. Rafiki yangu alinishauri nilitoe katika orodha nitafute jingine lenye nyasi, ushauri ambao ungefanya hesabu yangu ionekane nzuri huku ndege wakipungua. Kwa hiyo bado napita pale kila msimu, kamba ikiwa begani kwa sababu mtu haburuzi kamba juu ya viazi vya wenyewe, natembea kwenye mitaro kati ya matuta, na mwisho wa mstari naandika sufuri, tarehe na saa.