Mita za Modbus zilikuwa zikinyamaza mota ikiwaka: nilivyotatua

Mashine za zamani zilifungiwa mita za umeme 8 ili data zifike kwenye kompyuta kupitia RS-485, laini ya waya mbili (A na B) inayobeba ujumbe wa Modbus, yaani lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani. Mita za karibu zilisomeka, za mwisho wa laini zilijibu kwa kubahatisha, na mota ya inveta (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) ikiwaka zote kimya.

Kushusha kasi ya data kutoka biti 9600 kwa sekunde hadi 4800 hakukusaidia. Kubadilishana waya za A na B, wala. Kuongeza muda wa kusubiri jibu kulificha tatizo tu.

Jibu lilitoka kwenye multimita. Zima umeme wa mita zote na wa kifaa kinachokusanya data, kisha pima ukinzani kati ya A na B. Laini nzima isome takriban ohm 60: vipingamizi viwili vya ohm 120 vilivyo sambamba, kimoja kila ncha. Hii ilisoma 15! Chini ya kifuniko cha kila mita kuna kiswichi kidogo cha kipingamizi, rahisi sana kukipita bila kukiona, na kwenye mita zote 8 kilikuwa kimewashwa. 120 gawanya kwa 8 ni 15. Kwa mzigo huo ishara hudhoofika, na kelele za inveta huimeza.

Nilizima viswichi 7, nikaacha cha mita ya mwisho, na nikawasha cha kifaa cha data kilicho ncha ya kwanza. Kipimo: 60.

Halafu shildi ya kebo (tabaka la chuma linalozunguka waya zake) ikaunganishwa na ethi (waya wa ardhini) upande mmoja tu, kwenye paneli ya kifaa cha data. Ukiunganisha pande zote mbili, mkondo unaweza kupita ndani ya shildi yenyewe. Mita zote sasa zinasomeka kwa 9600, mota ya inveta ikizunguka.