Wa Kubaki

Wiki hii posa ya Zuhura imejibiwa, ofisini tumeletewa mkuu mpya, na Shafii amekuja likizo kutoka Dar na mtindo wa nywele ambao Baba ameukataa hadharani. Hayo nitayaandika nikitulia. Sasa hivi kichwani nina neno moja tu la Baba, nalo kalisema Ijumaa usiku bila hata kugeuza shingo.

Shafii alikuja na filamu kwenye flashi, akaichomeka kwenye tivii. Ile ya ndege ya Uruguay iliyoanguka milima ya Andes Oktoba 1972: vijana wa timu ya raga na jamaa zao, watu 45, wakanusurika 16. Sebule ikajaa. Baba kwenye kiti chake, Bibi mkekani na bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini, sisi chini, watoto wa jirani dirishani kama kawaida yao. Mnaijua Mtwara kusi likivuma usiku. Bibi alijifunika kanga mbili akilalamika kwamba theluji ya wenyewe inamwingia mifupani.

Ilipofika pale pa kula maiti, Shafii akataka kurusha mbele. Bibi akamzuia.

"Acha. Hao hawali, wanajinusuru." Akaendelea kumenya mng'oko wake. Nilitegemea Baba atatusomea aya ya dharura, maana anaijua, lakini alinyamaza.

Langu likaja baadaye. Nando Parrado na Roberto Canessa wanajiandaa kuivuka milima kwa miguu kuelekea Chile, na mfuko wa kulalia umeshonwa kwa mkono kutokana na vitambaa vya kuzuia baridi vilivyochunwa kwenye mkia wa ndege. Zuhura akauliza, "Ingekuwa ni sisi, nani angetoka?"

"Mimi," Shafii.

"Wewe unayepanda bodaboda kwenda msikitini?"

"Basi mimi na wewe."

"Na dada?"

Baba, macho kwenye tivii: "Huyu abaki. Huyu ni wa kubaki."

Wakacheka, Bibi naye. Nikacheka na mimi, kisha nikaenda jikoni kutazama chai ambayo sikuwa nimeiinjika.

Wa kubaki. Nimelisikia nikioga, nimelisikia kwenye bajaji ya kwenda Ligula, nimelisikia mkuu mpya akijitambulisha mpaka jina lake likanipita. Mliopo hapa tangu zamani mnaijua habari ya uhamisho wa Dodoma, na mnajua kwamba niliukataa mwaka ule Baba alipoanza kuburuta mguu. Shukrani sikumdai mtu. Lakini kubaki ni jambo nililoamua kwa akili zangu. Yeye kalitaja kama umbile, kama mtu anavyosema huyu mrefu, huyu mnene. Na ameniita "huyu", mimi niliyekaa miguuni pake!

Jumamosi usingizi ukakataa, nikaingia kwenye simu kuwatafuta waliobaki. Sebuleni macho yetu sote yalikuwa kwa wanaotembea. Wale walikwenda kama siku kumi hadi wakamwona mchungaji ng'ambo ya mto, Sergio Catalán, maji yakinguruma hata sauti hazivuki, akawarushia karatasi iliyofungwa kwenye jiwe waandike. Nyuma yao, ndani ya kipande cha ndege, walikuwa wamebaki watu 14. Na humo hapakuwahi kuwa salama: Oktoba 29 theluji iliporomoka ikawafukia wamelala, wakafa wanane. Kulikuwa na binamu watatu wa ukoo wa Strauch, ndio walioshika kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kukata na kugawa. Mmoja wao, Fito, ndiye aliyebuni kuchukua bati za alumini kwenye viti, kutandaza theluji juu yake, jua lipige, maji yachuruzike kwenye chupa. Wamezungukwa na theluji pande zote, na kiu inawaua. Hiyo bati niliiwazia mpaka adhana ya alfajiri.

Jumapili, nikimkanda mguu kwa mafuta ya nazi, nikajikaza.

"Baba, juzi uliposema mimi ni wa kubaki, ulikuwa na maana gani?"

"Juzi lini?"

"Kwenye filamu."

Akafikiri kwa dhati kabisa. "Ile ya Wachina?"

Bibi akadakia kutoka ukumbini. "Alisema ubaki kwa sababu ukitoka hurudi, mke mwenzangu. Una miguu ya babu yako. Alikwenda Tanga kukata mkonge, huyu akiwa tumboni. Kaja kurudi, huyu ana meno ya kumng'ata."

Baba hakukubali wala hakukataa. Akanyoosha mguu wa pili, ule mzima, nao ukandwe.

Nilicheka mpaka mafuta yakamwagika. Mimi wa kutoroka! Siku nzima nikawa mwepesi, hata Shafii nikamsamehe vyombo. Bibi anaweza kuwa ametunga tu, ni kawaida yake, ila utunzi wake nimeupenda kuliko lile la Ijumaa.

Sasa jioni msimamizi wa shamba la Naliendele kapiga simu. Mikorosho ya upande wa bondeni imeanza kuchanua, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe, umeshaingia kwenye maua. Ukungu wa asubuhi umekuwa mzito, na dawa yake, salfa tuliyojiandikishia, haijafika. Dukani ipo, bei yake sitaki hata kuiandika. Mahari ya Zuhura si ya kuguswa, kwa hiyo msinipe wazo hilo. Mwenye kumjua mtu anayekodisha mashine ya kupulizia, ya mota, aniambie kabla ya Jumatano.