Malipo ya pili

Agosti 2019 nilikuwa na kila sababu ya kujisifu. Kampuni yangu ya kupandisha wageni Kilimanjaro, yenye ofisi ya vyumba viwili hapa Moshi mjini, ilikuwa inaelekea wageni 200 kwa mwaka. Miaka minne nyuma walikuwa 41. Nilikuwa nimechukua mkopo benki nikanunua basi dogo la pili, na nikipita sokoni Mbuyuni watu wananiambia, "Mama, unapaa."

Jumatatu moja akaja ofisini mgumu wetu mmoja wa Kibosho. Kwa msomaji wa mbali, mgumu ni mpagazi wa mlimani, yule anayebeba hema, jiko, chakula na begi la mgeni. Aliomba advansi ya shilingi 30,000, mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Nikampa. Alipotoka nikafungua daftari la safari. Mtu huyu alikuwa amepanda nasi mara 11 ndani ya miezi 12, njia ya Machame, siku 7 kila safari, kwa 12,000 kwa siku. Nikazidisha: 924,000. Kazi ya mwaka. Basi dogo lilikuwa linakula zaidi ya hizo kwa mwezi mmoja wa marejesho.

Tipu sikuziweka kwenye hesabu, kwa sababu nilijua zinavyogawanywa. Nitafika huko.

Jioni ile sikurudi nyumbani mapema. Nilitaka kujua kama kweli siwezi kumlipa zaidi, maana hilo ndilo jibu nililokuwa nimezoea kulitoa: bei za soko haziruhusu. Ni kweli ada za hifadhi pamoja na VAT zinakula zaidi ya nusu ya bei niliyokuwa natoza, na ada hazishuki kwa sababu wewe umebembelezwa na wakala. Lakini chukua wagumu watatu kwa mgeni mmoja, siku 7. Kuwapandisha kutoka 12,000 hadi 20,000 kunaongeza 168,000. Kwa dola ya wakati ule ni kama 73. Mgeni anayetua KIA, uwanja wetu wa ndege, na viatu vya dola 250 hawezi kushindwa na dola 73. Aliyeshindwa ni mimi, kwa sababu kila nilipotaka kuongeza idadi ya wageni nilishusha bei, na mahali pa kukata palikuwa pamoja tu: malipo ya wagumu.

Niseme na jingine, maana kulificha ni kujidanganya. Hifadhi inataka mgumu asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo inapimwa getini. Wanaofanya kazi hii wanajua mchezo: unapita mizani na watu 14, mbele kidogo wawili wanarudishwa mjini, mizigo yao inagawiwa wengine. Nilikuwa najua kwamba kwetu inafanyika. Sikuagiza, lakini bajeti niliyompa gaidi, ndivyo tunavyomwita mwongoza wageni, ilikuwa imeagiza.

Ningependa kusema nilibadilika palepale. Sikubadilika. Msimu ulikuwa umepamba moto, nikaahirisha hadi baada ya masika. Machi 2020 ikaja korona, ndege zikakoma, na kampuni iliyokuwa inapaa ikakaa miezi bila mgeni hata mmoja. Wagumu walirudi vihambani kwenye migomba na kahawa. Mimi benki ilinifuata. Niliuza basi dogo la pili kwa hasara, nikapunguza watu ofisini kutoka watano hadi wawili. Oktoba moto ulipowaka mlimani, vijana wawili kati ya waliokuwa wakinibebea walipanda kusaidia kuuzima. Nilikuwa sijawalipa kitu tangu Machi.

Wazo la malipo ya pili halikutoka kwa mtaalamu. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Uru. Alipeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, akapewa malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani Moshi na gharama kutolewa, kilichozidi kilirudi kwa mkulima kulingana na kilo alizopeleka: hayo ndiyo malipo ya pili. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Wachagga wana KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tangu 1933, kwa hiyo habari ya kwamba aliyebeba mzigo arudishiwe sehemu ya faida siyo ngeni kwenye mteremko huu. Ugeni ulikuwa kwangu, kufikiri kwamba kahawa ni kahawa na utalii ni utalii.

Baadaye mgeni mmoja alinisimulia habari za Yvon Chouinard, mpanda miamba wa Marekani aliyeanzisha Patagonia, kampuni ya nguo na vifaa vya milimani, mwaka 1973, mwaka uleule Kilimanjaro ilipofanywa hifadhi ya taifa. Septemba 2022 yeye na familia yake walitoa umiliki wa kampuni, ili faida isiyorudishwa kwenye biashara iende kulinda mazingira. Akanitajia pia wakurugenzi 181 wa makampuni makubwa ya Marekani waliotia saini mwaka 2019 kwamba kampuni haipo kwa ajili ya wenye hisa peke yao. Chouinard nilimwelewa. Wale wa saini nawasubiri kwenye mizani.

Tulipofungua tena 2021 niliweka mambo haya. Wageni wasizidi 100 kwa mwaka. Kundi lisizidi watu 8. Mgumu alipwe 20,000, na tangu 2022 ni 25,000. Mizigo tunapima wenyewe stoo kabla ya kwenda getini, na orodha ya majina anapewa mgeni, ili akifika kambini aweze kuwahesabu. Na asilimia 20 ya faida ya mwaka iwekwe kando kwa wagumu na wapishi, igawanywe kwa siku ambazo mtu amekaa mlimani, ilipwe wiki ya kwanza ya Desemba, kabla watu hawajaanza kumiminika nyumbani kwa Krismasi.

Upinzani wa kwanza ulitoka nisikotegemea. Zamani bahasha ya tipu ilikabidhiwa kwa gaidi mkuu kwenye geti la Mweka, na mgawanyo ulifanyikia ndani ya gari. Nikasema kuanzia sasa kiasi kinasomwa kwa sauti mbele ya mgeni na mbele ya wote. Gaidi wangu bora, mtu wa Kiingereza na Kijerumani safi, akaondoka mwezi uleule. Aliondoka na wateja pia. Wakala mmoja wa Ulaya aliyekuwa ananiletea karibu robo ya wageni aliandika mistari miwili: bei imekuwa kubwa, tutawasiliana. Hatukuwasiliana tena.

Na dada wa mapokezi, mmoja wa wale watatu niliowapunguza, alikuja 2022 kuuliza kama nafasi yake imerudi. Alikuwa nami miaka sita. Kwa wageni 100 haikuwepo. Nilimweleza habari za wagumu na malipo ya pili, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hongera, dada," akachukua mkoba wake. Hilo linanikaa mpaka leo.

Desemba 2022 tuligawa 4,800,000. Siku za wagumu na wapishi wote 38 zilikuwa 2,400, kwa hiyo kila siku ilizaa 2,000. Wapishi walilalamika kwamba siku ya mpishi haiwezi kulingana na siku ya mtu aliyebeba mtungi wa gesi tu. Tulibishana nusu saa, supu ikapoa. Yule wa Kibosho alikuwa na siku 63. Akaondoka na 126,000 juu ya 1,575,000 alizokwisha kulipwa. Alihesabu mara mbili, akaniambia, "Mama, siku moja ni nzuri sasa. Lakini siku ni chache."

Alikuwa sahihi. Kwa kuweka kikomo nilikuwa nimewapunguzia safari, na wengine walijazia pengo kwa kubebea makampuni ya bei chee, wanakolipwa kama nilivyokuwa nalipa mimi 2019.

Kwa hiyo Desemba iliyofuata, kabla ya kufungua bahasha, niliwaandikia ubaoni mapato, ada, chakula, mishahara, wa kwangu ukiwemo, na faida. Nikawaeleza kwa nini 100: hema tulizo nazo, magaidi ninaowaamini, mkopo nisioutaka tena. Mzee mmoja mpishi akasema tuna hema za watu kumi zaidi na hazitoki stoo. Kijana akauliza kama kundi la nane likibaki nane, makundi yakiongezeka kuna ubaya gani. Wengine walitaka 150. Tukapiga kura kwa vikaratasi, mimi nikiwa na kura moja kama wao. Ilipita 120.