Tusiwapelekee Takataka za Ngano

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Masomo ya juma hili ni Amosi 8:4-6 na 2 Wakorintho 8:16-21.

Msimu huu kila ua wa Nyanda za Juu Kusini una mahindi. Mbozi, Ileje, Kilolo, Mufindi, kote watu wanapukuchua, na sharika zinajiandaa kwa sikukuu ya mavuno. Kwa jumuiya zilizokwisha kuazimia kutenga sehemu ya mavuno kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita Kongo na Burundi, neno la Amosi linakuja kwa wakati wake. Nabii aliwakemea waliopunguza efa (kipimo cha nafaka cha wakati ule), wakadanganya kwa mizani, wakawauzia maskini takataka za ngano. Tumezoea kulisoma kama neno kwa wafanyabiashara wa lumbesa. Linamfikia mtoa sadaka pia. Mnunuzi wa Uyole au Mafinga hutia mkono ndani ya gunia, akiona vumbi la dumuzi, mdudu anayetoboa punje, anasogea kwa muuzaji wa pili. Mama aliyeko kambini Nyarugusu hana muuzaji wa pili. Atapika alicholetewa.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi pia. Waliozaliwa pale mwaka ule wa kwanza leo nao wana watoto. Vita vya Kongo havijaisha: mji wa Goma ulitekwa Januari 2025, Bukavu ukafuata Februari. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Kigoma ulishushwa hadi nusu kwa sababu ya upungufu wa fedha za wahisani. Mtu mmoja anahitaji wastani wa kilokalori 2,100 kwa siku. Mgao uliozoeleka ni nafaka kama gramu 400, maharage gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5, pamoja na unga wa lishe wa kujazia. Kwa kaya ya watu watano, hiyo ni nafaka kilo 60 kwa mwezi, maharage kilo 9, mafuta yanayokaribia lita 4, na chumvi robo tatu ya kilo.

Hesabu hii ifanyike mbele ya jumuiya kabla ya mchango, ili kila mtu ajue sadaka yake inafika wapi. Familia 15 zikitoa kilo 18 kila moja, zinapatikana kilo 270, yaani nafaka ya mwezi mmoja kwa kaya nne na nusu. Tunasema kilo kwa makusudi. Debe la mmoja lina kilo 17, la mwenzake lililojazwa kichuguu linapita 20, na mwisho wa siku idadi ya madebe haifanani na uzito wa mzigo. Kisha maneno yanaanza. Azimeni mzani, pimeni mbele ya watu, andikeni.

Tukae kidogo kwenye ukavu, maana hapa ndipo sadaka nyingi zinapoharibika. Baridi na ukungu wa Juni na Julai kwetu hudanganya: punje inakauka juu, ndani bado ina maji. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 na nusu. Kama hamna kipimo, chukueni chupa kavu yenye mdomo mpana na kifuniko, tieni vijiko vitatu vinne vya chumvi kavu na mahindi hadi theluthi ya chupa, tikiseni dakika moja, acheni itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi, yana unyevu unaozidi asilimia 15. Isipoganda, msishangilie bado. Yarudisheni juani siku moja au mbili zaidi, kwa sababu kati ya 15 na 13 chupa haisemi kitu. Yaanikwe juu ya turubai, yasianikwe kwenye udongo mtupu. Kuvu wanaotoa sumukuvu wanaishi udongoni, na sumu yao haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zichambuliwe kwa mkono. Hii ni kazi ya akina mama na vijana ya Jumamosi moja, nyimbo zikiendelea.

Wengine hukimbilia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Ni mizuri sana, inaua dumuzi bila dawa. Lakini ukifungia humo mahindi mabichi, umefungia ukungu. Na mfuko ukitobolewa na kulabu ya wapakiaji, faida yake imekwisha.

Swali linaloulizwa kila mwaka: tupeleke punje au unga? Unga wa dona unabaki na kiini chenye mafuta, hivyo hudumu wiki sita hadi nane, kisha unachacha na kuwa mchungu. Gari likikwama, kibali kikichelewa, mmepeleka uchungu. Punje zinadumu, ila anayepewa punje bila pesa ya mashine huuza sehemu yake ili asage zinazobaki. Kwa hiyo pelekeni punje pamoja na ada ya kusaga, au sagieni karibu na wanakopelekewa. Maharage yawe ya msimu huu. Maharage yaliyokaa mwaka mzima kwenye joto hayaivi haraka hata yakilowekwa usiku kucha, na kila saa ya moto ni kuni ambazo mama au binti lazima akazitafute porini, mahali ambapo wanawake wengi wakimbizi wameshambuliwa. Anayetoa maharage makuukuu anaongeza safari hizo bila kujua.

Viazi vya Makete na Uporoto tuvile wenyewe. Kwenye gari lililofunikwa turubai vinaoza njiani na kulowesha mzigo mzima. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasipelekwe kabisa hata kama mtoaji ana nia njema, kwa kuwa palipo na maji machafu, chupa ya maziwa huleta kuhara, na kuhara kunaua mtoto mchanga haraka. Dawa za binadamu ziachwe kwa wenye taaluma. Sabuni inasahaulika mno: gramu 250 za kuoga na 200 za kufulia kwa kila mtu kwa mwezi ndicho kiwango kinachokubalika. Ongezeni taulo za kike, nguo za ndani mpya (mpya, wapendwa, si mitumba), na vitenge vya kubebea watoto. Makoti mazito ya baridi ya kwetu hayana kazi kubwa Kasulu. Viatu vifungwe pamoja kwa kamba jozi kwa jozi, vinginevyo vitafika vya mguu mmoja.

Sasa Paulo. Makanisa ya Makedonia na Akaya yalipochanga kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuchukua mfuko akaondoka. Alitaka kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kidogo kidogo kadiri ya kufanikiwa kwake. Wakorintho walikuwa wameanza tangu mwaka uliotangulia. Kisha akasafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, akieleza wazi kwamba anakwepa lawama juu ya fedha nyingi kiasi hicho, na kwamba anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume hakuona aibu kukaguliwa! Kwetu leo hiyo ina maana ya akaunti ya usharika yenye watia sahihi watatu, risiti kwa kila mchango, na jumla kusomwa kwenye matangazo ya Jumapili. Mchango usipitie namba ya simu ya mtu mmoja, hata awe mzee wa kanisa anayeheshimika namna gani. Anayempenda mzee huyo asimwachie mzigo huo.

Ipo pia hesabu ya njia. Kutoka Mbeya kupitia Tunduma, Sumbawanga, Mpanda na Uvinza hadi Kasulu ni takriban kilomita 800. Kasulu nako wanalima mahindi na maharage. Pigeni simu mjue bei ya huko, jumlisheni bei ya mahindi ya hapa na nauli ya gari, linganisheni. Mara nyingi ni busara kuuza mazao kwa mnada baada ya ibada, kama tulivyozoea, na kupeleka fedha zikanunue chakula kule kule. Sadaka haipungui utakatifu kwa kugeuzwa fedha. Hakuna kuingia kambini bila kibali cha idara ya wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na barua iombwe wiki nyingi kabla. Ni vyema zaidi kupitia shirika linalotambulika. Makanisa yana historia ndefu katika kazi hii. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi nchini, ilianza mwaka 1964.

Wala kupokea waliokimbia vita si jambo geni hapa kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliofukuzwa makwao, wengi wao wanawake na watoto, walipitishwa Urusi na Irani hadi nchi hii, na baadhi yao wakawekwa Kidugala na Ifunda.

Watakaochaguliwa kwenda wajue mambo mawili. La kwanza, msimuulize mtu alifanyiwa nini vitani. Akitaka kusema atasema. Mkae, msikilize, msimkatize kwa maombi kabla hajamaliza. La pili, msimpige picha akiwa ameshika kiroba. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume (Mathayo 6:3), na mapokezi yanaweza kuthibitishwa kwa sahihi au dole gumba kwenye daftari.

Juma hili jumuiya zisome 1 Wakorintho 16:1-4 na kuchagua watu watatu: wa mzani, wa daftari, wa kufuatilia kibali. Waandike waraka wa kuambatana na mzigo, kama ule ambao Paulo aliahidi kuwapa wajumbe wake: idadi ya magunia, uzito wa kila moja, tarehe mahindi yalipopimwa kwa chumvi, na majina ya jumuiya zilizotoa. Nakala moja iingie kwenye gunia la kwanza, ya pili ibaki ofisini kwa mchungaji.